Maswali ya Wasomaji: Bwawa la mtaa linaposubiri masika

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu mabwawa yanayopokea maji ya mvua katikati ya makazi, na kazi za kufanya kabla mvua kubwa haijaanguka. Tumechagua nane. Wanaojibu ni mafundi na wahandisi wa maji wa safu hii.

Mtaa wetu una nyumba 40 kwenye eneo la hekta 4, na bwawa moja la maji ya mvua lenye mita 30 kwa 20. Masika yaliyopita lilifurika hadi vibarazani. Kamati imechangisha fedha za kukodi kijiko (mashine ya kuchimba) ili bwawa lichimbwe mita moja zaidi. Baadhi yetu tuna shaka. Je, tuendelee?
*Katibu wa kamati, Goba, Dar es Salaam*

Ndugu Katibu, kijiko kisubiri kwanza.

Bwawa lenye maji mwaka mzima lina sehemu mbili. Ya chini, kuanzia sakafuni hadi mdomo wa bomba la kutolea maji, imejaa siku zote, na mvua ikija haipati pa kuingia. Ya juu, kuanzia mdomo huo hadi kizingiti cha utoro (pale maji yanapotorokea bwawa likijaa), ndiyo inayopokea mvua. Mkichimba sakafu mtakuwa mmeongeza ile ya chini. Mita 600 za ujazo za udongo, ambao ukishachimbwa huumuka kwa karibu robo, ni safari zaidi ya 100 za tipa la mita 7. Mvua chache za mwanzo zitalijaza shimo jipya, na mvua kubwa itakuta nafasi ileile ya mwaka jana.

Sasa tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 80 juu ya hekta 4 ni mita za ujazo 3,200. Si yote itakayofika bwawani: bati na zege hutiririsha karibu yote, bustani ya mchanga hunywa sehemu kubwa, barabara ya changarawe iko katikati. Kwa mtaa wa aina yenu chukueni asilimia 55, yaani mita za ujazo 1,760. Ikinyesha kwa saa nne, bwawa linapokea wastani wa mita 440 kila saa.

Tuseme mdomo wa bomba uko mita 1.2 chini ya kizingiti cha utoro. Kwa kuwa kingo zimelala na bwawa linapanuka kwenda juu, nafasi hiyo ni kama mita za ujazo 870. Bomba la milimita 225 likiwa wazi hutoa wastani wa mita 240 kwa saa wakati maji yanapanda, yaani 960 kwa saa nne. Inabaki 800 ya kuhifadhi, na mna 870. Linatosha, japo kwa taabu. Bomba hilohilo likizibwa na chupa, matawi na nepi, bwawa litajaa chini ya saa mbili huku mvua ikiwa bado nusu.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia ukubwa wa bwawa, nendeni mkaangalie mlango wake wa kutokea. Pimeni tofauti ya kimo kati ya mdomo wa bomba na kizingiti cha utoro kwa mpira wa leveli, ule wa plastiki unaoonyesha maji, wanaotumia waashi. Kagueni wavu wa nondo uliokinga mdomo. Eneo lake liwe angalau mara nne ya eneo la tundu la bomba, ulale mshazari ili takataka zipande nao kadiri maji yanavyopanda, na nondo ziachane kama sentimita 10. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni watu kuufunga wavu kwa waya wa kuku ili "usipitishe uchafu". Hapo hata majani makavu yanatosha kuuziba wote. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 imepunguza kazi, lakini chupa za maji bado zipo.

Fedha zikibaki, jengeni mambo mawili. La kwanza ni kibwawa cha mchanga pale mtaro unapoingia, chenye ukubwa wa kama sehemu moja ya kumi ya bwawa zima, na sakafu ya zege ili koleo lipate pa kugota. Mchanga wa Goba hushuka na kila mvua, na ni nafuu kuuzoa hapo kuliko katikati ya bwawa. La pili ni koki ya chini, bomba lenye vali lililowekwa chini ya mdomo wa kawaida. Koki hiyo ndiyo inayoweza kuigeuza ile nafasi ya chini kuwa nafasi ya kupokea mvua, maana mnaweza kulishusha bwawa siku chache kabla.

Kuchimba kuna wakati wake pia. Chukueni mti mrefu, mwisho wake mpigilie kifuniko cha ndoo. Ushusheni taratibu hadi utulie juu ya tope na msome kina. Kisha shusheni mti mwingine mtupu, mkiusukuma hadi ugote udongo mgumu. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo unene wa tope. Likiwa limepanda na kukaribia mdomo wa bomba, au limekula nusu ya kibwawa cha mchanga, hapo iteni kijiko, na iwe kiangazi.

Tupeni ratiba ya kazi. Kila mwaka tunakumbuka bwawa siku mvua inaponyesha.
*Mjumbe wa serikali ya mtaa, Kibaha*

Ndugu Mjumbe, tuhesabu kurudi nyuma kutoka mwanzo wa masika, tukichukua Machi.

Kazi za udongo zimalizike katikati ya Januari. Sababu ni nyasi: udongo mpya kwenye tuta unahitaji wiki nne hadi sita ukoka ushike mizizi, la sivyo mvua ya kwanza inaufagia na kuurudisha bwawani. Kipindi hicho hicho tembeeni mitaro yote kutoka juu kushuka chini, na si kutoka bwawani kupanda. Mkiteremka na maji mtaona yanakoacha mtaro na kukata njia yake mwenyewe. Karavati lililozibwa na kifusi cha jirani anayejenga linaweza kupeleka maji barabarani huku bwawa likiwa tupu.

Wiki tatu kabla ni zamu ya gugumaji na matete. Ng'oeni kwa mikono na reki, myaache siku mbili tatu ukingoni yachuje maji, kisha myapeleke mbali kabisa. Lundo likibaki ukingoni, mvua hulirudisha lote kwenye wavu. Msipulize dawa ya magugu wakati huu. Magugu yakifa ndani ya maji huoza, huimaliza hewa ya samaki, na mikeka iliyokufa huelea moja kwa moja hadi kwenye tundu.

Koki ifunguliwe na kufungwa yote kila miezi mitatu, mkihesabu mizunguko, na uzi wake upakwe grisi. Tatizo kubwa la koki za mabwawa ni kuganda. Siku inapohitajika mtu anaikaza kwa bomba refu na mhimili unakatika. Spana yake itundikwe mahali pamoja panapojulikana, na ufunguo wa kufuli la geti ukae kwenye nyumba mbili.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano zijazo wenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Fungeni kazi zenu kwenye ngazi hizo. Kwa angalizo, safisheni wavu na mkague utoro. Kwa tahadhari, anzeni kushusha maji kwa koki, si zaidi ya sentimita 30 kwa siku. Kwa nini si zaidi? Udongo wa kingo umelowa, na maji yaliyo ndani yake hutoka polepole. Ukiyaondoa maji ya bwawani ghafla, ukingo unabaki mzito bila cha kuuegemea, nao unaporomoka. Kwa tahadhari kubwa, wekeni zamu ya watu wawili wawili wenye tochi, simu, kamba ya mita 20 na reki yenye mpini wa mita 3.

Wasioweza kumudu koki huuliza kuhusu pampu. Pampu ya petroli ya inchi 3 huandikwa mita za ujazo 60 kwa saa, lakini kwa mpira mrefu na kimo cha kupandisha hesabuni 40. Kushusha bwawa la mita za mraba 600 kwa sentimita 30 ni mita za ujazo 180, yaani kama saa nne na nusu. Kabla ya kununua, kodini siku moja, shusheni sentimita 30, wekeni alama kwenye nguzo na mrudi kesho yake asubuhi. Maji yakiwa yamerudi bila mvua, ni maji ya ardhini yanayojaza, na mtakuwa mnateketeza petroli bure. Tena angalieni mpira unamwaga wapi, kwani kuhamishia maji kiwanja cha jirani wa chini si kudhibiti mafuriko.

Jambo moja tunalisisitiza: mvua ikishaanza, mtu asiingie majini kusafisha wavu. Maji yanayovutwa na bomba humbana mtu kwenye nondo, na nguvu za wenzake wawili hazitoshi kumtoa. Reki itumike kutoka juu, na kama haifiki, acheni utoro ufanye kazi yake.

Kwenye tuta la bwawa letu kuna migomba na mwembe mkubwa, na upande wa nje pana sehemu yenye unyevu hata kiangazi. Panya buku nao wamechimba. Tuanze na lipi?
*Msomaji, Kihonda, Morogoro*

Anza na unyevu, leo. Chota maji yanayotoka pale kwenye glasi, uyaache dakika kumi. Yakiwa maangavu, tuta linavuja lakini halijaanza kuliwa. Wekeni kigingi, mpime kila wiki kama eneo linapanuka. Yakiwa na tope chini ya glasi, maji yanabeba udongo wa tuta kutoka ndani na kuacha njia, na njia hiyo hupanuka kadiri maji yanavyozidi kupita. Hapo shusheni bwawa kwa mwendo ule wa sentimita 30 kwa siku, waonyeni walio chini, na mumwite mhandisi pamoja na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde. Mnapomsubiri, msizibe tundu kwa zege upande wa nje. Maji yatatafuta pengine, na shinikizo litapanda ndani ya tuta. Funikeni eneo lote kwa mchanga mkubwa safi wa sentimita 20, juu yake kokoto kiasi hichohicho, kisha mawe. Maji yapite, udongo ubaki.

Hatutishi watu bure. Bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40. Lile lilikuwa kubwa kuliko la mtaa wowote, lakini udongo huliwa na maji kwa namna ileile.

Mashimo ya panya buku: yafukue yale mafupi, rudishia udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe. Kwa marefu, changanya udongo sehemu tisa na saruji sehemu moja, tia maji uwe uji mzito, umimine kwa bomba la inchi 2 lililosimamishwa wima mdomoni mwa shimo hadi ligome kupokea. Kufukia mdomo peke yake ni kumjengea panya mlango.

Migomba iondoke yote pamoja na mashina yake ya chini ya udongo. Inataka udongo laini wenye maji, na hicho ndicho msichokitaka kwenye tuta. Mwembe ni mgumu zaidi. Ukiung'oa sasa unaacha shimo ambalo masika yatalikuta wazi. Ukiukata na kuacha mizizi, baada ya miaka kadhaa mizizi huoza na kuacha mifereji ndani ya tuta. Kwa hiyo usiguswe kabla ya mvua. Punguza matawi ili upepo usiupindue, halafu Juni au Julai ung'olewe pamoja na mizizi yote minene, na tuta lijengwe upya kwa matabaka. Miche midogo isiyozidi unene wa mpini wa jembe ing'oe sasa hivi. Baada ya hapo pandeni ukoka tu, ufyekwe ubaki sentimita 10 hadi 15. Si urembo. Kwenye nyasi ndefu hamwezi kuona ufa wala shimo.

Hamjambo wahariri. Huku kwetu udongo ni mweusi wa pamba. Msimamizi wa mtaa ameweka magunia ya mchanga kwenye utoro ili bwawa lishike maji mengi zaidi. Ni sawa?
*Mkaazi, Athi River, Kenya*

Si sawa, na magunia hayo yaondolewe kabla hujamaliza kusoma gazeti.

Utoro ndio unaoamua maji yapite wapi bwawa likishindwa. Kwa mtaa wa hekta 4, utoro wenye upana wa mita 3 na maji ya kina cha sentimita 30 hupitisha lita 700 hadi 800 kwa sekunde, na hiyo inatosha mvua ya milimita 100 kwa saa. Juu ya maji hayo lazima ibaki sentimita 30 nyingine kabla ya kufika kichwa cha tuta. Safu mbili za magunia zinakula kina chote hicho. Maji yatapanda hadi kichwa cha tuta, yateremke upande wa nje usio na mawe wala zege, na tuta la udongo likishapitiwa juu hukatika kwa muda mfupi. Maji yote yaliyohifadhiwa hutoka kwa mkupuo mmoja.

Kenya iliona nguvu ya maji yaliyofungiwa usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu. Palipopasuka hapakuwa bwawa la mtu. Ilikuwa karavati chini ya tuta la reli lililozibwa na magogo na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, kisha yakatoka.

Kuhusu udongo mweusi: kiangazi hupasuka nyufa ndefu, na mvua ya kwanza hupenya humo kabla udongo haujavimba na kuzifunga. Bwawa likijaa haraka wakati huo, maji yana njia tayari. Chambueni nyufa kwa jembe hadi chini, mzinyunyizie maji kidogo, mshindilie, kisha mfunike kichwa na upande wa nje wa tuta kwa changarawe ya sentimita 20 hadi 30 na nyasi juu yake, ili udongo wa ndani usikauke tena. Kazi hiyo isifanywe kwa udongo mweusi mwingine kutoka kiwanja cha jirani, kwa sababu utapasuka vilevile.

Bomba la bwawa letu linamwaga kwenye mkono wa bahari. Siku nyingine mvua ndogo inalijaza, siku nyingine mvua kubwa inapita bila taabu. Fundi hajui sababu.
*Msomaji, Mombasa*

Fundi amuulize mvuvi. Tazama tarehe za mafuriko yenu kwenye kalenda ya mwezi. Zikiangukia karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya bahari hupanda juu ya mdomo wa bomba na kuyazuia maji ya bwawa yasitoke. Kwenye mwambao wetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne. Mdomo ukiwa chini, bomba linaweza kukaa limefungwa saa mbili hadi tatu kabla na baada ya kilele. Mvua ya saa tisa alasiri siku ya bamvua lazima ihifadhiwe yote hadi jioni. Mvua hiyohiyo siku za maji mafu, bahari isipopanda sana, inapita.

Kwa hiyo ratiba yenu ya kushusha bwawa ifuate maji kupwa: fungueni koki saa mbili asubuhi, fungeni saa sita, kisha tena usiku. Na mwisho wa bomba uwe na ulimi, yaani bamba lenye bawaba linalofunguka kwa maji yatokayo na kujifunga kwa maji yaingiayo. Msipokuwa nao, bahari inaingia bwawani, na chumvi huua ukoka wa kingo. Ulimi wa chuma cha kawaida hauishi muda mrefu. Chagueni wa mpira mgumu au plastiki nzito. Uchunguzeni kila bamvua wakati wa kupwa, kwa sababu chaza hujipachika kwenye bawaba, na kijiti kimoja kikikaa kati ya ulimi na bomba kinatosha kuuacha wazi usiku kucha.

Serikali ya mtaa inataka bwawa lifukiwe kwa ajili ya mbu. Na watoto je?
*Mama wa watoto watatu, Tabata*

Mama, mbu wanahitaji kama wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka. Bwawa linalokauka lenyewe likitoka maji yote ndani ya siku tatu halizalishi mbu. Linalobaki na madimbwi kwenye sakafu kwa wiki mbili ndilo shida, na dawa yake ni kusawazisha sakafu iteremkee kwenye tundu. Bwawa lenye maji siku zote liwekewe perege, na magugu ya ukingoni yafyekwe ili samaki wawafikie viluwiluwi. Mahali samaki hawafiki, kuna viuadudu vya kibiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi. Rudia kipimo kila baada ya mvua kubwa, kwa sababu dawa huoshwa.

Watoto: uzio, na ndani ya uzio ukingo wenye ngazi pana ya mita 2 hadi 3 isiyozidi kina cha magoti. Anayeteleza asimame. Pembeni wekeni kamba iliyofungwa dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko.

Chama chetu cha wenye nyumba huku Orlando kinakataa kupunguza maji ya bwawa kabla ya kimbunga. Tunalipa ada kila mwezi. Wazazi wangu Tanga wanasema bwawa likijaa lazima lipunguzwe. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Florida, Marekani*

Dada, wazazi wana hoja kwa Tanga, lakini kwa Florida chama chenu kiko sahihi. Huko maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na bwawa ni kama dirisha la kuyatazama. Mkilipunguza, yanarudi kutoka pembeni ndani ya siku chache. Tena mabwawa kama lenu kwa kawaida hujengwa kwa kibali cha mamlaka ya maji ya eneo lenu, ambayo inaweka vimo vya maji, na mtu haruhusiwi kuvibadilisha kwa geti au pampu bila ruhusa. Bwawa lenu linamwaga kwenye mfereji unaopokea mitaa mingine pia, na mkiujaza ninyi kabla, wao wanakosa nafasi.

Jueni pia kwamba mitaa mingi ya huko imechorwa barabara zishike maji kwa muda ili sakafu za nyumba zibaki kavu. Maji barabarani kwa saa kadhaa si ushahidi kwamba bwawa limeshindwa. Yakikaa siku ya pili bila kushuka, hapo pana kizuizi.

Ada yenu ilipie kazi hizi kabla ya 1 Juni, msimu unapoanza (hukoma 30 Novemba): matundu ya barabarani yafunguliwe, kisanduku cha zege cha kutolea maji kikaguliwe na wavu wake kusafishwa, mmomonyoko kwenye miisho ya mabomba ujazwe mawe, na miti ipunguzwe. Kimbunga kikishapewa jina na kuelekea kwenu, msikate tawi hata moja. Gari la taka halitafika kwa wakati, na lundo la matawi kando ya barabara ndilo litakaloziba matundu ya mtaa mzima. Mbolea ya nyasi nayo isubiri. Ikinyeshewa itaishia bwawani. Maji yakipanda baada ya kimbunga, kaeni mbali na ukingo, kwani mamba wa huko nao wamehama.

Siku mbili baada ya mvua kubwa samaki wetu walielea wamekufa. Je, kuna aliyetia sumu?
*Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam*

Mara nyingi ni kukosa hewa. Mawingu huzuia mimea ya majini kutengeneza oksijeni, mvua baridi huzama na kuinua maji ya chini yasiyo na hewa, na uchafu ulioingia huoza ukitumia iliyobaki. Ishara yake ni samaki kuhema juu ya maji alfajiri, wakubwa wakitangulia kufa. Sumu huua wakubwa na wadogo pamoja, saa yoyote. Mkiona wanahema, chukueni pampu, vuteni maji na kuyarusha hewani yarudi bwawani kuanzia usiku wa manane hadi jua litoke.

Lakini chunguza harufu pia. Kama ni ya chooni, kuna nyumba inayofungulia shimo lake mvua ikinyesha. Nendeni na afisa afya wa kata, mtie rangi ya chakula kwenye mashimo mnayoyashuku, moja baada ya jingine, na msubiri mtaroni muone rangi inatokea wapi. Maiti za samaki zitolewe siku hiyohiyo na kufukiwa mbali na bwawa. Wasiliwe.